UZI: Kimeng'enya cha msuli wa ng'ombe kimeingia kwenye kolamu na hakijatoka. Nisaidieni kukitafuta

MaabaraUsiku · Jumatatu, saa 4:52 usiku

Wadau hamjambo. Niko mwaka wa pili wa uzamili, chuo kimoja hapa Nairobi. Kazi niliyopewa ni kutenga kimeng'enya kiitwacho lakteti dihaidrojenesi, LDH kwa kifupi, kutoka kwenye msuli wa ng'ombe, niisafishe, kisha nieleze tabia zake. Sasa ni wiki ya tatu. Kimeng'enya nilikuwa nacho, nikakiona kwa macho yangu kwenye mashine, halafu kikaingia kwenye kolamu na mpaka leo sijakiona tena.

Nilivyofanya ni hivi. Alhamisi alfajiri nilishuka soko la Burma nikanunua nusu kilo ya mnofu wa paja, ng'ombe aliyechinjwa usiku huohuo. Nikaondoa mafuta na kano, nikapima gramu 50, nikazisaga kwa blenda ndani ya mililita 150 za bafa ya fosfeti (maji yanayoshikilia pH isibadilike) iliyopoa kwenye barafu, pH 7.5, yenye EDTA na mekaptoethanoli kidogo. Nilisaga sekunde thelathini, nikapumzisha, mara nne, ili isipate joto. Nikachuja kwa shashi, nikazungusha kwenye sentrifuji, nikapata mililita 140 za maji mekundu.

Kisha amoniamu salfeti. Kwanza asilimia 40, yaani gramu 22.6 kwa kila mililita 100, chumvi ikitiwa kidogokidogo huku nakoroga juu ya barafu. Mashapo ya hapo nikayaweka kando. Nikapandisha hadi asilimia 65, na mara hii mashapo ndiyo niliyoyataka. Nikayayeyusha, nikayatia kwenye mfuko wa dayalisisi, unaotoa chumvi na kubakiza protini, usiku kucha dhidi ya bafa ya Trisi milimola 10, pH 7.5.

Asubuhi nikapitisha kwenye kolamu ya DEAE, bomba lenye chembechembe zinazoshika protini kwa chaji. Nikaosha, halafu nikatoa kwa chumvi ya mezani nikipandisha polepole kutoka sifuri hadi mola 0.3. Angalieni hesabu (yuniti ni kipimo cha kazi ya kimeng'enya):

Maji ya kwanza: ml 140, yuniti 14,000, protini mg 2,100, sawa na yuniti 6.7 kwa mg
Baada ya amoniamu salfeti na dayalisisi: ml 24, yuniti 9,600, protini mg 432, yuniti 22.2 kwa mg
Kilichotolewa DEAE kwa chumvi: ml 40, yuniti 300, protini mg 200, yuniti 1.5 kwa mg

Yuniti 9,300 zimeenda wapi? Msimamizi wangu anarudi Ijumaa.

Kichwa_Ngumu_254 · Jumatatu, saa 5:03 usiku

Umezimwaga kwenye sinki. Wote huzimwaga. Karibu chamani.

MaabaraUsiku · Jumatatu, saa 5:10 usiku

Sijamwaga kitu. Maji yaliyopita kwenye kolamu kabla ya kutia chumvi niliyahifadhi, ml 30, na NILIYAPIMA. Sifuri. Mstari umelala kama barabara ya Mombasa.

Mama_Pipeti · Jumatatu, saa 5:31 usiku

Mwanangu, kwanza nakupongeza kwa kuweka hesabu ya yuniti zote. Wanafunzi wengi huniletea asilimia bila kuniambia ni asilimia ya nini. Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi, nijibu haya tu:

Baada ya kusaga nyama, ulipima pH tena? Nyama si maji. Mnofu wa bucha uliokwisha kukaa huwa na tindikali, na bafa nyembamba hushindwa nguvu. Unaanza na 7.5 kumbe ndani ya blenda uko 6.3.

Baada ya dayalisisi, ulihakikisha chumvi imekwisha? Ukibadilisha maji ya nje mara moja tu, amoniamu salfeti inabaki ya kutosha kuzuia kila kitu kushika kwenye DEAE.

Na hayo maji yaliyopita, uliyapima vipi? Niambie ulitia mikrolita ngapi.

Mzee_wa_Kisu · Jumanne, saa 12:15 asubuhi

Mimi niko na bucha, si msomi. Nimesoma hii uzi nikiwa nangoja gari la nyama. Kijana, hebu nieleze, hiyo kitu unatafuta inafanya nini ndani ya nyama? Na kwa nini paja? Ungechukua moyo, moyo ni rahisi na hauna mafuta mengi.

MaabaraUsiku · Jumanne, saa 1:40 asubuhi

Mama, pH nilipima, ilishuka hadi 7.1, nikairudisha 7.5 kwa Trisi. Maji ya dayalisisi nilibadilisha mara tatu, lita mbili kila mara. Kuhusu mikrolita nitaangalia daftari nikifika maabara, niko kwenye matatu na jam ya Jogoo Road haijasonga.

Mzee wangu, kwa lugha nyepesi: ng'ombe akikimbia, msuli unavunja sukari haraka kuliko oksijeni inavyofika. Mwisho wa njia hiyo kuna kitu kinaitwa piruveti. LDH inachukua haidrojeni kutoka kwa kibebaji kinachoitwa NADH, inaipachika kwenye piruveti, inapata lakteti. Hapo kibebaji kinakuwa huru kurudi kazini na msuli unaendelea kupata nguvu. Paja kwa sababu ndio niliambiwa.

Mzee_wa_Kisu · Jumanne, saa 1:58 asubuhi

Basi hiyo kitu naijua, sikuijua jina tu. Ng'ombe akisafirishwa kwa lori siku mbili bila kupumzika, akifika amechoka, ukimchinja nyama inakuwa nyeusi, kavu juu, inashikana kama mpira. Wateja wanasema ni ng'ombe mzee. Si mzee, amechoka. Ng'ombe aliyelala akala akatulia, nyama yake kesho yake ni nyekundu safi.

Mwalimu_Mstaafu · Jumanne, saa 3:20 asubuhi

Mzee wa Kisu amesema jambo ambalo mimi nililifundisha kwa saa mbili na halikueleweka. Mnyama akishakufa, damu haileti tena oksijeni, lakini msuli haujui kwamba mwenyewe amekufa. Unaendelea kuvunja sukari iliyohifadhiwa, na kimeng'enya hikihiki kinaendelea kutengeneza lakteti mpaka pH inashuka kutoka karibu 7 hadi 5.5 hivi. Tindikali hiyo ndiyo inayoipa nyama rangi na ulaini tunaoupenda. Ng'ombe aliyechoka amekwisha kutumia akiba yake ya sukari akiwa hai, kwa hiyo hakuna cha kugeuzwa, pH inabaki juu ya 6, nyama inashikilia maji na inaonekana nyeusi. Bucha na maabara wanatazama kitu kimoja.

Ngoja nichokoze kidogo kabla sijaingia kwenye swali. Neno letu kimeng'enya limetokana na kumeng'enya, kazi ya tumbo. Lakini LDH haimeng'enyi chochote, inahamisha haidrojeni tu. Vijana wanaosema enzaimu siwalaumu.

Sasa swali. Kijana, itifaki hiyo umeitoa wapi? Maana nikiisoma naona moyo, sioni paja.

LDH ni protini yenye vipande vinne, kila kimoja kilodaltoni 35 hivi, jumla 140. Vipande ni vya aina mbili: H, ambavyo moyo hutengeneza kwa wingi, na M, ambavyo msuli wa kutembea hutengeneza kwa wingi. Ukivipanga vinnevinne unapata namna tano: H nne, H tatu na M moja, mbili kwa mbili, H moja na M tatu, na M nne. Ndizo isozaimu, neno lililoletwa mwaka 1959 na Markert na Møller, na LDH ndiyo iliyokuwa mfano wao.

Aina hizi mbili zinafanya kazi moja lakini chaji zao hazifanani. Kwenye pH 7.5, H nne ina chaji hasi ya kutosha. M nne haina. Inaelekea upande wa chanya. Na DEAE yenyewe ni chanya. Chanya na chanya zinafukuzana. Ukipitisha dondoo la moyo, LDH inashika, unaitoa kwa chumvi kama ulivyofanya. Ukipitisha la paja, LDH inapita moja kwa moja kama abiria asiyeshuka.

Kwa hiyo kama ningekuwa na shilingi mia ningeiweka kwenye yale maji yako ya sifuri.

MaabaraUsiku · Jumanne, saa 4:05 asubuhi

Mwalimu, itifaki ni fotokopi ya fotokopi iliyokuwa kwenye droo. Ukurasa wa kwanza haupo. Unaanzia "2. Saga tishu".

Lakini bado sielewi, maana nilipima jamani. Sifuri ni sifuri.

Kichwa_Ngumu_254 · Jumanne, saa 4:07 asubuhi

"Saga tishu" 😂 Ukurasa wa kwanza uliandikwa MOYO kwa herufi kubwa.

Damu_na_Seramu · Jumanne, saa 7:12 mchana

Niko maabara ya hospitali, LDH tunaipima kila siku kwenye damu za wagonjwa. Nina mambo mawili.

Zile yuniti 300 zilizoshika kwenye DEAE sidhani ni za bure. Seli nyekundu za damu zina LDH nyingi, na ni zile za upande wa H. Ndiyo maana sampuli iliyoharibika, seli zikapasuka, tunaikataa: LDH inapanda uwongo. Mnofu wako ulikuwa na damu ndani ya mishipa midogo, na msuli wenyewe pia una mchanganyiko, si M peke yake. Kwa hiyo kilichoshika ni ile familia ya H.

Unaweza kuthibitisha bila vifaa vya bei. Chukua kidogo cha kilichoshika, na kidogo cha kilichopita, uviweke kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika thelathini, kisha upime. Isozaimu ya H huvumilia joto hilo. Ya M hufa. Ni kipimo cha zamani, siku hizi hatukitumii hospitalini, lakini kwako kinatosha.

La pili, chonde, usigandishe. Ya M haipendi baridi kali. Sisi seramu ya LDH tunaiacha kwenye joto la chumba, hatuiweki kwenye friji kama vipimo vingine, na wanafunzi wapya hushangaa kila mwaka.

MaabaraUsiku · Jumanne, saa 7:30 mchana

Sijagandisha, asante. Yako kwenye friji nyuzi 4, chupa imeandikwa TAKA? na alama ya kuuliza. Mwenzangu aliitaka chupa hiyo jana nikakataa.

Mama_Pipeti · Jumanne, saa 8:44 mchana

Bado hujanijibu. Mikrolita ngapi?

MaabaraUsiku · Jumanne, saa 9:02 alasiri

Mikrolita 100, bila kuzimua. Kwa sababu nilitarajia hamna kitu, nikaona nitie nyingi ili hata kama ni kidogo nikione.

Mama_Pipeti · Jumanne, saa 9:06 alasiri

Sawa. Sasa fungua daftari ukurasa huohuo. Usiniambie mteremko. Niambie mashine ilianza na namba gani kwenye nanomita 340.

MaabaraUsiku · Jumanne, saa 9:21 alasiri

0.06

MaabaraUsiku · Jumanne, saa 9:22 alasiri

ngoja

MaabaraUsiku · Jumanne, saa 9:22 alasiri

Ilipaswa kuanza 0.93

Kichwa_Ngumu_254 · Jumanne, saa 9:24 alasiri

Mama Pipeti ni CID.

Mama_Pipeti · Jumanne, saa 9:50 alasiri

Kwa wanaopita hapa na hawajaelewa kwa nini kijana amenyamaza, nieleze.

LDH yenyewe hatuioni. Tunachokiona ni NADH, ambayo inafyonza mwanga wa nanomita 340. Ikishatumika na kuwa NAD haifyonzi tena hapo. Kwa hiyo unaweka kwenye kuveti, kile kichupa cha kupimia, NADH na piruveti, unatia tone la kimeng'enya, na unatazama namba ikishuka. Kasi ya kushuka ndiyo kazi ya kimeng'enya. NADH ya milimola moja, kwenye kuveti ya sentimita moja, inasoma 6.22. Yeye ametia milimola 0.15, basi anaanza na 0.93.

Ndani ya kuveti ya mililita 3 hiyo ni mikromoli 0.45 tu za NADH. Yuniti moja hutumia mikromoli moja kwa dakika. Kama yale maji yana, tuseme, yuniti mia mbili na kitu kwa kila mililita, basi kwenye mikrolita 100 ametia zaidi ya yuniti ishirini. Hizo zinamaliza NADH yote ndani ya sekunde moja hivi. Kabla hajafunga kifuniko cha mashine, karamu imekwisha, na mashine inamwonyesha sahani tupu. Mstari umelala kwa sababu hakuna cha kula, yeye akaandika hakuna walaji.

Wekundu na ukungu kidogo wa protini ndio ule 0.06.

Nenda ukazimue mara hamsini, utie mikrolita 10.

Mkimbiaji_wa_Karura · Jumanne, saa 11:35 jioni

Samahani kuingilia. Hii lakteti ndiyo ile asidi inayouma mapajani siku ya pili baada ya kukimbia? Kuna dawa ya kuzuia hiki kimeng'enya?

Damu_na_Seramu · Jumanne, saa 12:02 jioni

Hapana ndugu. Lakteti inaondoka kwenye damu ndani ya saa moja au zaidi kidogo baada ya kupumzika. Moyo na ini vinaitumia kama chakula. Maumivu ya siku ya pili ni nyuzi za msuli zilizochanika kidogokidogo. Na usitafute dawa ya kuizuia, hutapanda hata ngazi. Maabara wanatumia oksameti kuizuia, inakaa pale piruveti inapokaa, lakini hiyo ni ya kwenye kuveti.

MaabaraUsiku · Jumatano, saa 5:18 asubuhi

Wadau. Mikono inatetemeka.

Nimezimua 1 kwa 50, mikrolita 10. Imeanza 0.92, ikashuka 0.108 kwa dakika, mstari umenyooka kama rula. Nimerudia mara tatu.

0.108 gawanya kwa 6.22, mara 3, gawanya kwa 0.01, mara 50: yuniti 260 kwa mililita. Mara ml 30 ni yuniti 7,800. Protini mg 120. Yuniti 65 kwa mg.

Yaani kolamu ilifanya kazi nzuri kabisa. Ilishika uchafu, ikaniachia nilichotaka, nami nikaandika TAKA?

Jaribio la nyuzi 60 pia limefanyika. Kilichoshika kimebaki na sehemu kubwa ya nguvu. Kilichopita kimekufa, na safari hii nimeangalia namba ya kuanzia: 0.93, haikusogea. Sifuri ya kweli.

Mwalimu_Mstaafu · Jumatano, saa 6:40 mchana

Vizuri sana. Na msimamizi akikuuliza kwa nini hukufuata itifaki, mwambie hata Straub, aliyepata fuwele za LDH mwaka 1940, alianza na moyo wa ng'ombe. Wewe umetumia paja kwa njia ya moyo, na kimeng'enya chenyewe kikakwambia tofauti.

Sasa usilale. Yuniti 65 kwa mg bado ni mchafu. Hapo ndani umebakiwa na vimeng'enya vingine vya kuvunja sukari, maana msuli umejaa hivyo. Chuoni mna ile kolamu ya bluu?

MaabaraUsiku · Jumatano, saa 7:05 mchana

Ipo, ndogo, ya ml 5. Imekaa sana lakini haijakauka.

Mama_Pipeti · Jumatano, saa 7:30 mchana

Ioshe kwa bafa mara kumi ya ujazo wake kwanza.

Hiyo bluu, Cibacron Blue, ni rangi ya kutia nguo, na bahati nzuri umbo lake linafanana kiasi na NADH. Vimeng'enya vyenye mfuko wa kupokea NADH vinaikumbatia. Pitisha ml zako 30 polepole, osha hadi protini iishe kutoka, halafu toa kwa bafa yenye NADH ya milimola moja. LDH itaiachia rangi na kushika kitu chenyewe.

Lakini sikia. Kikishatoka, kitatoka na NADH uliyotumia. Hiyo NADH itaonekana kwenye 340, na kwenye 280 pia utadanganywa ukidhani ni protini. Kwa hiyo kwanza dayalisisi, na protini upime kwa njia ya Bradford, ile ya rangi, si kwa mwanga wa 280. Nimeona tasnifu nzima imejengwa juu ya kosa hilo, sitasema ya nani.

Jembe_na_Kuveti · Jumatano, saa 10:15 alasiri

Swali la mtu wa mfukoni: amoniamu salfeti ya maabara ni ghali. Ile S.A. ya mbolea ya agroveti ni kitu kilekile, si ndiyo? Gramu 31 na kitu kwa ml 140, ukirudia mara tano ni pesa.

Mama_Pipeti · Jumatano, saa 10:28 alasiri

Jina ni moja. Ila ya mbolea huja na chembechembe za madini, na LDH ina salfa zake ambazo madini mazito hupenda kung'ang'ania. Ukitumia, kimeng'enya kinakufa polepole na hutajua kwa nini. Peleka mbolea kwenye sukuma.

MaabaraUsiku · Ijumaa, saa 2:10 asubuhi

Jana stima ilipotea saa nne hadi saa nane na kolamu ilikuwa imeanza kutoa. Nikashika tochi ya simu kwa meno nikawa nabadilisha vichupa kwa mkono, tone kwa tone, kwa sababu kolamu ile inashuka kwa uzito wa maji tu, haihitaji pampu. Kwa mara ya kwanza nimeshukuru kwamba hatuna mashine ya kisasa.

Baada ya dayalisisi:

Kolamu ya bluu: ml 6, yuniti 4,800, protini mg 12, yuniti 400 kwa mg

Ni usafi mara 60 kuliko maji ya kwanza, na nimebaki na asilimia 34 ya nilichoanza nacho. Jeli ya SDS, inayotenganisha protini kwa ukubwa, ina mstari mmoja mzito hapo kilodaltoni 35, na kivuli kidogo juu yake ambacho Mwalimu ataniuliza.

Mwalimu_Mstaafu · Ijumaa, saa 3:00 asubuhi

Nitakuuliza. Lakini kwanza umemweleza msimamizi kwa nini mstari uko 35 na kimeng'enya ni 140?

MaabaraUsiku · Ijumaa, saa 3:04 asubuhi

Nitamwambia SDS inavunja vile vipande vinne na kuvinyoosha, kwa hiyo naona kipande kimoja kimoja. Kuona 140 lazima nipitishe kolamu ya kuchuja kwa ukubwa bila SDS.

Mwalimu_Mstaafu · Ijumaa, saa 3:15 asubuhi

Amekwiva huyu.

MaabaraUsiku · Ijumaa, saa 12:40 jioni

Kikao kimekwisha. Ameuliza mambo mawili tu. La kwanza kivuli juu ya mstari. Nimesema sijui, nitapakia protini kidogo zaidi nione, akaitikia kwa kichwa. La pili ni Km ya piruveti, yaani kiasi cha piruveti kinachokipa kimeng'enya nusu ya kasi yake ya juu, na hapo tumebishana.

Nimepima kasi kwa piruveti ya milimola 0.05, 0.1, 0.2, 0.4, 0.8 na 1.6. Nikichora kwa njia ya kupindua pande zote mbili, ile ya Lineweaver na Burk, napata Km moja. Nikiipa kompyuta mkunjo wenyewe wa Michaelis na Menten iutafutie mahali unapokaa vizuri, napata karibu 0.3, ambayo si ile ya kwanza. Yeye anataka mstari ulionyooka kwa sababu ndivyo wamezoea.

Mama_Pipeti · Ijumaa, saa 1:25 usiku

Mpe vyote viwili, na umwonyeshe ile nukta ya 0.05. Kwenye piruveti kidogo kasi ni ndogo, kosa la mkono ni kubwa. Ukipindua, nukta hiyohiyo mbovu ndiyo inayoruka mbali kabisa na kuvuta mstari wote upande wake. Njia ya mwaka 1934 ilikuwa ya watu wenye rula na karatasi, na kwa wakati wao ilikuwa akili nyingi. Wewe una kompyuta.

Na hakikisha 0.05 uliipima mwanzoni kabisa mwa mteremko. Piruveti hiyo ni kidogo kuliko NADH uliyoweka. Inaisha yenyewe kabla ya NADH, mstari unapinda, na wewe unadhani kimeng'enya kimechoka.

MaabaraUsiku · Ijumaa, saa 1:40 usiku

Nilichukua dakika nzima.

Kichwa_Ngumu_254 · Ijumaa, saa 1:41 usiku

Karamu nyingine imeisha kabla ya mgeni 😂

MaabaraUsiku · Ijumaa, saa 1:44 usiku

Kesho narudia ya 0.05 na 0.1, sekunde kumi za kwanza tu, kimeng'enya nikizimue zaidi. Kilichobaki nimekitia amoniamu salfeti tena kikae kama mashapo kwenye nyuzi 4, hakuna kugandisha.

Mzee_wa_Kisu · Ijumaa, saa 3:30 usiku

Nimefuata hii uzi wiki nzima kama mchezo wa redio. Nina swali moja tu. Umenunua nusu kilo, umetumia gramu 50. Zile 450?

Mama_Pipeti · Ijumaa, saa 3:33 usiku

Nyama iliyoingia maabara haitoki kwenda jikoni. Chunga unachojibu.

MaabaraUsiku · Ijumaa, saa 3:41 usiku

Haikuingia, Mama. Niligawanya nyumbani kabla ya kupanda matatu. Mzee, ilikuwa nyekundu safi, ng'ombe alikuwa amelala.

Mzee_wa_Kisu · Ijumaa, saa 3:42 usiku

Hiyo ni yangu. Najua ng'ombe mwenyewe.